Banda la Gari Lenye Kuta Nne

Jumatatu, 7 Julai

Jirani amemaliza gereji yake. Mlango unajikunja wenyewe kwa kubonyeza kidude. Asubuhi alikibonyeza mara tatu nikiwa namwagilia maua, na gari lake halikuwa hata ndani. Alikuwa ananionyesha mimi. Mzee mzima, mstaafu wa benki, anacheza na mlango!

Mimi gari langu linalala kwenye banda. Nguzo nne za chuma, bati juu, ubavu mmoja umeegemea ukuta wa nyumba. Njiwa wameligeuza choo. Aibu.

Mke wangu yuko semina hadi Jumapili. Wakati anaondoka alinipa kazi moja tu: nimwangalie mama yake. Mama mkwe ana pumu, na msimu huu wa baridi kifua kinambana. Nikamwambia aende kwa amani.

Hajafika hata kituoni, wazo limenijia. Nitaliziba banda. Akirudi anakuta gereji. Atalia kwa furaha.

Jumanne, 8 Julai

Fundi kaja. Nimembatiza Hamna Shida, maana hana neno jingine. Ukuta wa nyuma na wa pembeni, mbele mlango wa bati wa kushusha. Hamna shida. Kazi iishe kabla ya Jumamosi. Hamna shida. Huyu ndiye mtu wa kufanya naye kazi!

Gari nimelipima mwenyewe kwa futi, kioo cha upande hadi kioo cha upande, nikaongeza kiganja huku na kiganja kule. Nafasi inayobaki nitaifanya stoo. Jirani hana stoo.

Kikwazo ni dirisha. Chumba cha mama mkwe kina dirisha moja, nalo linatazama bandani. Kaniuliza atapata wapi hewa. Nikamweleza kwa upole kwamba hewa ya nje ina vumbi, na kwamba sasa atakuwa na hewa iliyotulia.

Alinitazama sana. "Mwanangu," akasema, "hewa iliyotulia ni ya kaburini."

Kisha akarudi kwenye redio yake. Hatukuelewana, lakini heshima imebaki.

Jumatano, 9 Julai

Nimepita ofisi ya ujenzi, kwa ustaarabu tu. Karani kadai ramani. Kadai pia mkaguzi aje aangalie nguzo, hewa, na njia ya kukimbilia moto ukiwaka. Nikamwambia sijengi, naziba. Kasema kuziba ni kujenga. Nikamuuliza kama mtu akifunga vifungo ameshona shati. Akamwita anayefuata.

Nimelifunika banda kwa turubai la bluu ili kazi isionekane. Sasa mtaa mzima unapita kuuliza turubai ni la nini.

Jioni mke wangu kapiga simu, anataka kujua mama anaendeleaje. Nikajibu kwamba anapumua vizuri kabisa. Kwa leo huo ulikuwa ukweli.

Alhamisi, 10 Julai

Kuta zimepanda. Matatizo nayo yamepanda. Nguzo moja ya mbele imesimama pale pale mlango unapotakiwa kushukia. Nikamwagiza fundi aikate. Akasita, yeye! Kasema nguzo hiyo ndiyo iliyobeba boriti. Nikamwonyesha nyingine tatu, zote zina afya njema. Akakata.

Bati likalia. Boriti ikainama kidogo, kama mtu anayeamkia wakubwa, ikatulia. Nikatangaza kwamba imetulia.

Jirani kachungulia juu ya ukuta akaniuliza kama nina uhakika na ninachofanya. Wivu! Kaanza kunieleza kwamba kwake waliacha matundu ya hewa huku na huku, na kwamba yeye gari haliwashi mlango ukiwa umefungwa. Nilimshukuru bila kumaanisha. Matundu nilikuwa nimeyapanga. Nimemwambia fundi ayazibe. Sitaki mtu aseme nimeiga.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Kichwa kinapasuka.

Mchana nilimwita jirani aje ashuhudie. Nikaingiza gari, likaenea sawasawa kama mguu kwenye kiatu kipya. Nikampungia fundi ashushe mlango nikiwa humo humo ndani, jirani aone unavyoshuka. Ukashuka. Boriti nayo ikashuka, ikaukalia.

Nikataka kutoka. Mlango wa gari ukafunguka kiganja kimoja ukagonga ukuta. Upande wa pili vilevile. Nilikuwa nimepima gari. Sikupima gari lenye mtu anayetaka kushuka.

Injini niliiacha inaunguruma. Gari langu likizimwa haliwaki mpaka lisukumwe, na nani angelisukuma humo? Wakati ule niliona ni akili. Nje nikamsikia fundi anavuta mlango, anavuta, anahema. Kisha, kwa sauti ya chini kabisa: "Bosi, hapa kuna shida."

Nikashusha kioo nitokee dirishani. Kichwa kikapita. Mabega yakapita. Tumbo likagoma.

Ndipo nikasikia kikohozi.

Mama mkwe alikuwa amejilaza baada ya chakula. Moshi wote ulikuwa unaingia kwake, haukuwa na pengine pa kwenda. Nikamwona ameshika nondo za dirisha, mdomo wazi, hana sauti. Alikuwa karibu kiasi cha kuguswa. Nikanyoosha mkono, nikaambulia pazia. Mikono yake ikaachia nondo, akateremka chini nisimwone tena. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu. Nikajirudisha garini, nikazima injini, nikapiga kelele kama mwendawazimu.

"Jirani, niacheni mimi! Mtoeni mama!"

Jirani, na magoti yake mabovu yale, akapitia mlango wa jikoni akambeba mgongoni hadi uani. Mimi nilitolewa baadaye, fundi alipobomoa kipande cha ukuta kwa mtaimbo. Nilikuta mama amelazwa kwenye majani, midomo imebadilika rangi, jirani anampepea kwa kofia.

Sasa yuko kwenye oksijeni. Daktari kasema angechelewa kidogo tu, kisha hakumalizia. Nimekaa hapa. Kila nikifumba macho naona ile mikono inaachia nondo.

Jumapili, 13 Julai

Mke wangu kafika moja kwa moja hospitali, begi mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Alimuuliza mama yake kama amekula, akamnyoosha shuka, akamchana nywele taratibu. Alipomaliza ndipo aliponigeukia.

"Nilikuachia mtu mmoja tu," akasema.

Basi. Mengine nimeyapata kwa shemeji, ndugu wa mke wangu: mama akiruhusiwa anakwenda kwake, na mke wangu anakwenda naye. Hatarudi mpaka nibomoe kila kitu, na hata nikibomoa atafikiria kwanza. Hiyo "atafikiria" imenikata maini.

Kabla ya kuondoka nilimwamkia mama mkwe. Aliitikia marahaba akitazama ukutani.

Nyumbani kimya. Nilijaribu kula, nikashindwa. Niliwasha redio yake ili pawe na sauti ya mtu, nikaizima. Miaka kumi na minane ya ndoa, halafu mlango wa bati! Ningekuwa mke wangu na mimi ningeondoka.

Jumatano, 16 Julai

Tumebomoa. Fundi na mimi, tangu asubuhi. Kuta, mlango, bati, boriti, nguzo zilizobaki, vyote chini. Gari linaota jua. Njiwa wamehamia kwa jirani.

Jirani alileta glavu akasaidia kubeba matofali. Hakunisema hata kidogo. Bora angenisema! Nilimshukuru, safari hii kwa dhati. Akanipiga bega akaendelea kubeba.

Nimemtumia mke wangu picha ya uwanja mtupu. Kajibu baada ya saa nyingi: "Sawa." Nimeisoma hiyo sawa mpaka simu imeisha chaji.

Ijumaa, 18 Julai

Wanarudi Jumapili! Kapiga simu mwenyewe. Nimelia, kweli nimelia, jikoni, nimeshika sufuria.

Masharti yake ni mepesi. Mama asibanwe tena kifua kwa ajili yangu. Na daktari kasisitiza asipigwe na baridi. Nikamwapia mke wangu kwamba nimejifunza, kwamba usalama wa mama ndio jambo la kwanza katika nyumba hii kuanzia leo. Akasema anataka kuniamini. Anataka kuniamini! Sitamwangusha.

Chumba chake cha zamani mama hakitaki tena, nami namwelewa. Wamepanga alale sebuleni. Mama mzima alale sebuleni, mimi mkwewe nikiwa hai? Haiwezekani.

Matofali mazima yamebaki mengi. Na baraza la nyuma, pale karibu na jikoni, liko wazi pande zote, upepo unapita unavyotaka. Nitaliziba. Chumba kipya cha mama mkwe, mbali kabisa na gari! Nimeshapima, na safari hii nimepima kitanda pamoja na mtu anayeshuka kitandani. Dirisha sitaweka, maana dirisha ndilo lililotuponza. Chini ya mlango nitaweka mpira ili baridi isipate pa kupenya. Fundi anaanza kesho alfajiri, Jumapili tunamkaribisha ndani. Jiko la mkaa la kumpa joto nimeshalinunua, lile kubwa.