Agizo Nililojiandikia

Jumatatu, 3 Juni

Balaa! Mkurugenzi mpya ametukusanya asubuhi, watumishi wote kumi na watano, akatangaza kwamba wiki hii hatamwagiza mtu kitu. Kila mmoja aitazame kazi yake, aamue mwenyewe cha kuboresha, na Ijumaa aeleze alichofanya. Atakayejituma zaidi atakuwa mkuu wa masjala. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikarudi mezani kwangu.

Miaka kumi na minne nimekuwa karani wa masjala, na miaka yote hiyo nimelalamika kwamba hata kuhamisha jalada kutoka rafu hii kwenda ile lazima niombe saini. Sasa saini hazitakiwi. Leo nimefungua droo, nikaifunga. Nikaifungua tena.

Nyumbani nimemwambia mama watoto kwamba cheo ni changu. Sijui nini kilinituma. Ameshampigia simu mama yake.

Jumanne, 4 Juni

Dada wa Kaunta, ambaye meza yake inatazamana na yangu, ameshaanza. Kwa hiari yake! Amewatengea wazee viti vyao, akaandika kwenye karatasi ukutani nyaraka zinazotakiwa, na foleni imepungua nusu. Watu wanamshukuru. Anapiga mluzi. Nani kamruhusu kupiga mluzi?

Nimemwandikia Mkurugenzi dokezo nikiomba ruhusa ya kuanza kuamua. Limerudi saa sita na maneno mawili kwa wino mwekundu: Amua mwenyewe. Nimelisoma mara nane, pamoja na nyuma. Halielezi niamue nini.

Jumatano, 5 Juni

Wazo! Kama hakuna wa kuniagiza, nijiagize. Nimetoa barua ya zamani iwe mfano, nikaandika kwamba majalada yapangwe upya kwa mwaka. Nikatia saini ya mkorogo, "kwa niaba", nikagonga muhuri wa IMEPOKELEWA na kuiingiza kwenye rejesta. Moyo ukatulia papo hapo. Nimeagizwa! Nikakunja mikono ya shati nikaanza kazi.

Saa nane nikagundua kosa. Barua ya mfano ilianza na "Watumishi wote mnaagizwa", ikaishia na "Nakala: vyumba vyote". Nilinakili kila kitu. Mzee Tarishi, ambaye hajawahi kuchelewesha barua tangu aajiriwe, alikuwa ameshasambaza.

Alhamisi, 6 Juni

Ofisi nzima inapanga majalada. Hakuna aliyeuliza agizo limetoka kwa nani. Muhuri upo, basi. Dereva anabeba maboksi, korido haipitiki, kaunta imefungwa na foleni imefika getini. Dada wa Kaunta amesema akimjua aliyeandika barua ile atamla mbichi. Nimemuunga mkono kwa sauti kubwa.

Mkurugenzi ameitaka barua yenyewe. Nimekwisha! Kila nikiikumbuka ile saini ya mkorogo, inazidi kufanana na jina langu. Mama watoto ameuliza kama suti ya harusi yetu bado inanienea, maana mama yake anataka picha. Nimesema inanienea. Haifungi.

Ijumaa, 7 Juni

Kikao. Mkurugenzi akaiweka barua mezani. Kabla hajasema neno, nikasimama na kuapa mbele ya wote kwamba mimi nilitekeleza tu, kwamba sijawahi kuamua jambo lolote katika ofisi hii. Akanishukuru. Nikakaa, nikapumua.

Kisha akasema kupanga kule kumefichua maombi arobaini na matatu ya wananchi yaliyodondokea nyuma ya rafu, mengine ya miaka tisa. Akasema kughushi barua ni kosa, na mhusika ataomba radhi. Lakini mtu mwenye uthubutu huo ndiye anayemtafuta, na masjala atapewa yeye. Ajitokeze.

Nikanyoosha mkono. Wote wakageuka. Akaniuliza nasemaje.

Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Niliporudi, kwa kuwa hakuna aliyejitokeza, Dada wa Kaunta alikuwa mkuu wa masjala. Kumbe tangu asubuhi alikuwa akiwapigia simu wale arobaini na watatu, bila kutumwa na mtu. Mmoja wao, bibi kizee, alilia kwenye simu. Hilo limenichoma. Rafu ile ilikuwa yangu.

Jumatatu, 10 Juni

Mama watoto amenuna. Mama mkwe ameambiwa cheo kimeahirishwa.

Leo bosi wangu mpya amenikabidhi funguo na kuniambia niipange masjala nitakavyo. Nitakavyo! Huu ni unyanyasaji. Nimetafakari wikiendi nzima na nimeujua ugonjwa wa ofisi hii: watumishi hatupewi uhuru. Nimeandika barua kali kwa wizara, kurasa nne, bila woga. Imo ndani ya bahasha, anwani tayari.

Nasubiri tu Dada wa Kaunta anisainie ruhusa ya kuituma.