Mizani Yangu na Dumu la Asali

Jumatatu, 5 Julai 2004

Nimemkamata Shomari! Miaka yote tumekaa ukuta kwa ukuta hapa sokoni, mimi nikinunua mbaazi, yeye akiuza mafuta ya alizeti na asali, na miaka yote nilijua tu. Leo nina ushahidi.

Nilichukua kwake dumu la lita ishirini la mafuta kwa ajili ya pilau ya Jumamosi. Siku hiyo wanakuja wazee wa ukoo wa Silas kutoka Hanang, kukamilisha posa ya Bernadetha, binti wa marehemu kaka yangu. Baba yake hayupo, kwa hiyo baba ni mimi. Sitaki aibu. Nikalitundika dumu kwenye mizani yangu ya mbaazi. Nikatoa hata uzito wa dumu lenyewe, maana mimi ni mtu wa haki. Kilo kumi na nane na kidogo! Nimeomba ishirini, napewa kumi na nane!

Shomari alifungua kifuniko akanionyesha kwamba limejaa hadi shingoni. Nikamwambia, mbele ya wateja wake, kwamba kujaa si hoja, ametia hewa kwenye mafuta. Akauliza hewa inatiwaje kwenye mafuta. Nikamjibu hilo aeleze aliyetia. Watu walicheka sana. Bila shaka walikuwa wanamcheka yeye. Akabeba dumu lake akarudi nalo dukani bila kuniaga.

Mkoa tumepata mpya, wezi ni wale wale.

Jumatano, 7 Julai

Sabasaba. Soko limepoa. Lukresia, mke wangu, amenuna tangu juzi. Anasema, Baba Kornel, pilau bila mafuta ni chakula cha wagonjwa, nenda kamwombe Shomari radhi. Radhi! Mimi! Nikamwambia nyama ina mafuta yake ya asili.

Akajifunga kitenge akatokea mlango wa nyuma. Amerudi na dumu kichwani, limefunikwa kanga. Maji, nadhani. Sikuuliza. Nina mambo makubwa ya kufikiria.

Alhamisi, 8 Julai

Asali imefika! Vijana wawili wa kwao Silas wameshuka nayo kwenye basi la Katesh, dumu la lita ishirini kama tulivyokubaliana.

Ukoo wao una desturi yake. Asali hutangulia, ikakaa kwa mlezi wa binti bila kuguswa. Siku ya wazee dumu linatikiswa mbele ya watu wote. Likinyamaza, limejaa, mambo yanaendelea. Likilia, kuna mtu amemdharau mwenzake, na posa imekufa hapo hapo. Bernadetha amenieleza haya, kisha akanieleza tena huku amenikazia macho. Kwani mimi mtoto? Yule binti anampenda Silas mpaka anasahau kula. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, baba yake mdogo yupo.

Nikalitundika kwenye mizani. Sikuamini! Nimetoa uzito wa dumu, nimepima upya, nimeifuta mizani vumbi, jibu ni lile lile. Ishirini na nane! Tumekubaliana ishirini, wameleta ishirini na nane. Ama ni wakarimu kupita kiasi ama hesabu imewapiga chenga.

Lukresia akauliza lita ishirini na nane zimeingiaje kwenye dumu la ishirini. Nikamweleza kwamba plastiki za siku hizi zinavutika. Akaniangalia weee, kisha akaenda kulisha kuku.

Ijumaa, 9 Julai

Nimewaza sana. Desturi inadai ishirini. Ishirini ni za wazee, sina neno nazo. Lakini nane zilizozidi ni za nani? Nimejihoji kwa uaminifu na jibu nimelipata. Ni za mlezi.

Fundi Elibariki wa pale Maisaka ana koti la suti la kijivu. Mteja aliyelishonesha hajalifuata tangu Pasaka. Na Elibariki kwa asali ni mgonjwa. Nikasubiri Lukresia aende kwa majirani kuazima masufuria, nikachota mpaka mizani ikatulia kwenye ishirini. Kamili! Tone moja sikuzidisha. Angekuwa Shomari angechukua nusu.

Koti linanikaa vizuri sana isipokuwa mikono.

Jumamosi, 10 Julai

Siku mbaya. Naandika ili ijulikane kwamba sikukosea.

Wazee walifika, shikamoo zikapokelewa, watu wakakaa. Nilikaa mbele na koti langu. Pilau ilitoka nzuri, inang'aa. Nilisema mimi, nyama ina mafuta yake! Kisha Baba Silas akaomba dumu. Akalishika kwa mikono miwili, akalitikisa.

Likalia.

Chubwa, chubwa, ua zima likasikia. Baba Silas akalitikisa tena, taratibu, kama mtu asiyetaka kuamini. Likalia tena. Akaliweka chini. Akasema asali ilitoka kwake imejaa, na kama ukoo wetu umeona mwanawe hafai, tungemwambia kwa mdomo. Akaokota fimbo yake. Wazee wake wote wakasimama. Silas alikuwa anatazama ardhi.

Nikasema ngoja! Nikaleta mizani, nikaitundika kwenye tawi la mgrevilea, nikalining'iniza dumu mbele yao. Ishirini kamili! Nikawaita waje wasome mmoja mmoja. Hakuna aliyekuja. Baba Silas akasema yeye hakuja kumwozesha kijana wake kwa mizani.

Bernadetha akanijia. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonichoma. Machozi yanamtoka, akauliza tu, baba mdogo, asali imekwenda wapi? Niliumia. Nakiri niliumia kweli, maana ana macho ya kaka yangu. Nikaanza kumweleza habari ya nane za ziada. Lukresia hakunipa nafasi. Alinishika pindo la koti akalinyanyua watu wote waone, akasema asali ndiyo hii hapa, imevaliwa.

Nani kamwita Shomari? Lukresia. Alikuja mbio, kofia imekaa upande, na ndoo ya asali kutoka dukani kwake. Akawasalimia wazee, akawaambia kosa si la binti wala si la ukoo, ni la jirani yake mmoja na chombo chake cha kupimia mbaazi. Baba Silas akanitazama, akaitazama mizani, akalitazama koti. Mabega yake yakaanza kutikisika. Mzee alikuwa anacheka! Akakaa chini.

Shomari akamimina kwa kopo lake la lita mpaka asali ikagusa kifuniko. Baba Silas akalitikisa dumu. Kimya. Vigelegele! Bernadetha alimkumbatia Lukresia, akamshukuru Shomari, akanipita. Harusi ni Jumamosi ijayo.

Lukresia amemkabidhi Shomari koti langu. Kumbe na lile dumu la Jumatano lilikuwa mafuta yake. Amenilisha pilau yenye hewa ndani ya nyumba yangu mwenyewe!

Jumatatu, 12 Julai

Nilikuwa na nia ya kusamehe. Kweli kabisa. Bernadetha amekuja asubuhi, amenisalimia, amecheka hata, akasema yameisha. Nilifurahi sana.

Ila kuna jambo nimelihesabu kichwani na linakataa kukaa. Mimi nilichota nane. Shomari alimimina makopo matano na nusu na ushee. Dumu likajaa! Mbili na zaidi ziko wapi? Mtu ameaminiwa mbele ya koo mbili na bado ameiba, huku vigelegele vikipigwa. Na amekaa mlangoni pake na koti langu, mikono inamtosha!

Mchana akafika kijana wa kwao Silas na chupa ya lita moja ya asali, imejaa hadi kifunikoni. Baba Silas anamshukuru Shomari kwa kuokoa posa, na ameagiza chupa hiyo niipeleke mimi, kwa mkono wangu, ili tupatane. Heshima kubwa. Nimepokea kwa mikono miwili.

Nimeiweka kwenye mizani, kwa tahadhari tu. Kilo moja na karibu nusu! Wale wazee hawajifunzi.

Nimechota iliyozidi, nimeihifadhi kwenye kikombe nyuma ya gunia la mbaazi. Ya Shomari imebaki moja kamili, haki yake yote, ingawa hastahili. Nimefunga kifuniko vizuri. Nimeitikisa. Inalia kidogo, lakini Shomari si wa ukoo wao, hawezi kujua mambo ya kutikisa.

Naipeleka sasa hivi.