Hema Langu Halihitaji Kocha

Jumatatu, 2 Juni

Mke wangu amenitafutia kocha. Nikamwambia magoti yangu yamekwisha na mpira niliacha nikiwa kijana. Akasema ni kocha wa biashara. Nikacheka mpaka chai ikanitokea puani. Yeye hakucheka. Akasema viti vyetu vya kukodisha vimepandana stoo tangu mvua zianze, hema limekuwa kitanda cha paka, na huku ng'ambo ya barabara Spika anapakia lori kila mwisho wa wiki. Mambo yasipobadilika, stoo anaichukua mke wangu, afugie kuku.

Kuku! Katika makao makuu ya kampuni!

Spika ni jirani yangu na adui yangu. Alianza kwa kukodisha spika za harusini, jina likamganda. Sasa ana viti, ana mahema, ana kitambi. Kila asubuhi ananisalimia kwa furaha. Mtu mbaya sana.

Jumanne, 3 Juni

Kocha amekuja. Nilitarajia mwanamume mwenye tai. Ni mama wa makamo, viatu vya chini, sauti ya upole kama muuguzi aliyeficha sindano nyuma ya mgongo. Anasema aliwahi kuwa na kiwanda cha mikate, kikafa. Akafungua kingine, kikasimama, mpaka leo kinasimama. Nikajisemea, huyu naye! Mwenyewe kimemfia, mimi atanifundisha nini?

Akauliza mteja wangu ni nani. Nikamjibu, kila mwenye makalio.

Akauliza wateja wa zamani wamekwenda wapi. Nikasema Spika kawaroga. Akauliza mara ya mwisho nilikalia viti vyangu lini. Swali gani hilo? Nikamwuliza kama seremala wa majeneza naye hulala ndani kujaribu. Akanipa kazi mbili: nikalie viti vyangu asubuhi nzima, halafu nikawaulize walionihama wamenihama kwa nini.

Yaani mtu unamleta akusaidie, anakuachia kazi!

Jumatano, 4 Juni

Nimekaa. Kiti cha kwanza, raha. Cha pili kina ufa. Ukiegemea, unafunguka. Ukitaka kuinuka, unajifunga, na kilichokuwa katikati kinabaki humo humo. Kilichokuwa katikati kilikuwa changu. Nilipiga yowe lililomtoa mke wangu jikoni na ndoo ya maji, akidhani pamewaka moto. Akatazama paja langu, akatazama kiti, akasema sasa anaelewa kwa nini mwalimu wa kwaya hatusalimii.

Nikaenda kwa mwalimu wa kwaya. Akasema siku ya sherehe yake ya kustaafu alisimama kutoa shukrani, yeye akasimama, gauni likabaki limekaa. Nikamwambia ashukuru kwaya ilikuwepo, wangeimba kufunika. Akafunga mlango.

Utafiti umekamilika. Wateja wana kinyongo.

Niliporudi, mke wangu alikuwa anavikalia viti kimoja kimoja, vyenye ufa anavitupa pembeni. Mapenzi haya! Anamtii Kocha kuliko mimi.

Alhamisi, 5 Juni

Usingizini nimepata wazo. Kwa nini nihangaike kutengeneza viti vyangu, wakati naweza kuharibu sifa ya viti vya Spika? Nikapita kwa kinyozi, nikatupia neno kwamba viti vya Spika vina kunguni. Nikajiondokea zangu, roho kwatu.

Mchana habari ikarudi. Kinyozi kamwambia fundi viatu. Fundi viatu kauliza kunguni wanaishije kwenye plastiki, na nani kawaona. Kinyozi akasema mimi. Wakakubaliana kwamba basi nimewaona kwangu. Alasiri mtu wa kupuliza dawa ya wadudu akabisha hodi na pampu mgongoni. Ametumwa na Spika. Eti ujirani mwema.

Si hilo lililoniuma. Nikiwa nimesimama nje, dawa inanikereketa koo, namwona nani anatoka kwa Spika? Kocha! Wanacheka, wote wawili! Kwangu hajawahi kutoa hata tabasamu. Nikamkimbilia, nikamwuliza anawezaje kufundisha timu mbili za mtaa mmoja. Akasema daktari hutibu nyumba zote. Basi nikamwomba anidokeze ugonjwa wa Spika.

Akasema, "Sikwambii. Na wa kwako simwambii yeye."

Wa kwangu! Kumbe naumwa?

Ijumaa, 6 Juni

Neema imeshuka! Shemeji, dada wa mke wangu, anamwoza binti yake kesho. Viti kwetu, hema kwetu.

Kocha akaja, akashika nguzo za hema, kiganja kikatoka na kutu. Akasema nipeleke viti tu, vile vilivyopona, hema nimwachie Spika, na shemeji nimweleze ukweli leo hii. Akasema kazi moja ikitoka vizuri italeta ya pili. Nikamwitikia sawa Kocha, ndiyo Kocha, mpaka akageuza kona.

Kisha nikachukua waya, kamba ya kuanikia nguo na mpini wa jembe. Kufika jioni hema limesimama uani kama askari. Askari mstaafu, lakini askari.

Mke wangu akauliza kama nimeongea na Spika. Nikasema tumeelewana. Tumeelewana kweli: yeye kwake, mimi kwangu.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika kwa kifupi, mkono una bandeji.

Viti vilipendeza! Wageni walikaa, wakaegemea, wakainuka na nguo zao. Mwalimu wa kwaya alikaa kwa tahadhari kama kuku anayeatamia, halafu akajiachia. Mjomba wa bwana harusi akaja mwenyewe kuniomba namba ya simu. Mimi nani, nisivimbe kichwa? Nikaegemea nguzo, nikaanza kumtajia.

Hema halikuanguka. Waseme wasemavyo, halikuanguka. Lilikaa chini taratibu, kama mzee anayetafuta stuli, likaanzia meza kuu. Bwana harusi akatoka. Bibi harusi akatoka. Mama mkwe wangu hakutoka. Tulichokiona ni kilima kinachotembea chini ya turubai kikiita jina langu lote, pamoja na la babu.

Na juu mawingu yameshakuwa meusi. Shemeji akaketi, akashika tama. Binti alibaki amesimama na keki mikononi, hajui aiweke wapi, midomo inamcheza. Hapo moyo uliniuma kweli. Watu wajue nami nina moyo.

Mara honi. Lori la Spika! Mke wangu alikuwa amempigia jana, akaambiwa hatujaonana hata kivuli, akamwomba asubuhi apakie hema akae tayari. Spika akashuka, hakucheka, hakuuliza kitu. Akasema tu, "Jirani, shika hapa."

Nikashika. Hema likawa juu matone ya kwanza yalipoanza kugonga. Watu wakapiga makofi, naye akasema wanipigie na mimi, niliyemsaidia.

Mbele za watu! Mtu mbaya sana.

Jumapili, 8 Juni

Kikao sebuleni. Mke wangu, Kocha, Spika na mimi. Nilimwomba mama mkwe msamaha kwa simu, akakata. Nikaomba tena, akasikiliza kidogo, akakata.

Imeamuliwa: sisi viti, Spika mahema, kila shughuli tunakwenda pamoja. Mjomba wa bwana harusi keshaagiza. Mwalimu wa kwaya naye. Mke wangu ataongea na wateja. Mimi nitaosha viti. Nikauliza cheo changu kitaitwaje. Mke wangu akanisogezea ndoo.

Kocha akaniuliza wiki hii nimejifunza nini. Nikasema, nisiegemee nguzo. Akafumba macho kama anayeomba dua. Kisha akaniomba jambo moja: kabla sijanunua kitu chochote kipya, nimtajie japo mtu mmoja aliyeniomba nimletee kitu hicho. Nikaapa.

Jumamosi, 14 Juni

Viti vyote vimetoka. Vyote! Mke wangu anafagia huku anaimba. Nakubali, Kocha anafaa. Kwa watu wa kawaida anafaa sana. Mimi tatizo langu naona mbele.

Leo, kwa mfano. Nimekutana na jamaa anauza kasri la watoto kurukia, lile la kujazwa upepo, limetumika kidogo tu. Kuna aliyeniomba? Hakuna. Hapo ndipo penye utamu: hawajui bado kwamba wanalitaka! Mambo ya kina namna hii huwezi kumweleza Kocha, utamchosha bure. Mke wangu nitamshtukiza nalo kesho.

Tundu lipo moja tu, tena dogo, na liko upande ambao muuzaji ameniapia watoto hawapendi kwenda.