Mashujaa Ambao Hawakuja Kutia Sahihi

Mgeni rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya mgeni rasmi kupata udhuru, wakuu wa idara, makaimu wao na makaimu wa makaimu, makamanda wastaafu, wajane, mayatima na wazazi wa marehemu mliokaa kule juani, itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka kwenye hema.)

Leo tunazindua Mnara wa Mashujaa wa Divisheni ya Tisa walioanguka wakitulinda, mradi ambao ofisi yangu imeusimamia miaka kumi na moja kwa weledi, uwazi na ushirikishwaji wa wadau, kupitia semina kumi na nne, warsha tisa na ziara za mafunzo ambazo nilijitolea kwenda mwenyewe hata homa ikinibana, na sasa nasema kifua mbele kwamba utekelezaji umefikia asilimia tisini na sita. (Askari mstaafu mwenye mguu mmoja anauliza hizo asilimia ziko wapi. Anaombwa akae.)

Mitaani wanasema tumelala. Majina mia nne na kumi na mawili tulipokea. Lakini jina la mtu halichongwi hadharani bila ridhaa yake, ndiyo maana fomu namba saba inamtaka mhusika afike ofisini yeye mwenyewe, na kitambulisho, atie sahihi mbele ya karani. Tulitangaza redioni. Tukaongeza muda mara tatu. Hakutokea shujaa hata mmoja. Simlaumu mtu, ila nidhamu jeshini imeshuka.

Yupo mama hapa mbele, fundi cherehani, mwanawe wa pekee aliuawa mpakani akimbeba mwenzake, na mwili haukurudi. Huja ofisini kila Jumatatu. Juzi akaniambia, "Baba, mimi nataka pa kuwekea mkono tu." Nilimwelewa sana. Nikampa fomu nyingine.

Nikisema Divisheni ya Tisa, mseme Haisahauliki. Divisheni ya Tisa! (Sauti tatu, zote za hemani.)

Namalizia kwa kuwashukuru mafundi, ambao tutawatafuta. Jiwe, ambalo bado liko mlimani. Na ninyi mlioshuhudia nikikata utepe huu, ambao nyuma yake ni uwanja mtupu. Namwona pia mama fundi amepiga magoti, anaandika jina la mwanawe kwa chaki ya kukatia nguo kwenye saruji ya jukwaa. Mgambo, lifute taratibu. Halijapitishwa.

(Mgambo anavua kofia. Hafuti. Uwanja mzima unasimama, kimya.)

Asanteni. Kaeni jamani, kaeni. Mimi ni mtumishi wenu tu.