Uzinduzi wa Dirisha la Madai

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametutumia udhuru. Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi. Mawakili wetu wasomi, wote sita. Ndugu Karani wa Mahakama, uliyekuja kuandika kwamba agizo la jaji limetekelezwa. Mafundi cherehani mliomsindikiza mwenzenu. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

(Makofi, safu ya mbele.)

Mimi, Mkurugenzi Mkuu wa kampuni hii ya bima, nasimama kwa unyenyekevu ambao wengi wamenisifia, kuzindua Dirisha la Madai, mradi wa kimkakati, shirikishi na wa kidijitali, utakaopunguza muda wa kushughulikia dai kutoka miaka saba hadi siku saba, sawa na punguzo la asilimia mia moja na ushee.

(Sauti ya nyuma: "Hiyo hesabu ya wapi?" Vicheko.)

Maneno yamekuwa mengi kuhusu kesi ya mama fundi, aliyeketi pale mwisho. Ni kweli karakana yake iliungua pamoja na vyerehani vinane. Ni kweli alilipia bima bila kuchelewa hata mwezi mmoja. Lakini bima ni nyaraka. Tulimwomba hati halisi, akasema ilikuwa kwenye droo iliyoungua. Tukamwomba uthibitisho kwamba imeungua, akatuletea majivu kwenye bahasha. Tuliyapokea kwa heshima zote, kamati ikakaa, ikaonekana hayana mhuri.

(Mama fundi: "Nakala mlikuwa nayo nyinyi, baba. Mimi huu mwaka wa saba nashona kwa mkono.")

Nakala tulikuwa nayo, mama, hatukatai. Ilikuwa kwenye faili, faili likawa kabatini, na kabati lina utaratibu wake. Hata ripoti ya mkaguzi wetu, iliyosema moto ulitokana na hitilafu ya umeme na kwamba wewe ulipwe mara moja, jaji aliikuta humo humo, imegongwa mhuri wa "ASIONYESHWE". Jaji akasema tulikunyima haki yako kwa nia mbaya. Nia haikuwa mbaya. Ilikuwa inasubiri saini yangu, nami nilikuwa semina.

(Karani anaandika.)

Mahakama ikaagiza ulipwe, na kabla ya saa sita mchana wa leo tuwe na dirisha la kukupokelea. Wahenga walisema kawia ufike. Tumekawia, tumefika. Nikisema "Dai!", itikieni "Lipwa!" Dai!

(Mama fundi: "Nimeshadai.")

Namalizia kwa shukrani. Asante kwa mwenye ukumbi, anayetaka viti vyake saa sita kamili. Asante kwa maofisa watatu wa mapokezi, tuliowaazima kwa jirani zetu wa benki hadi picha zipigwe. Na asante ya pekee kwa mama fundi mwenyewe, maana pazia hili lililofunika dirisha tulimpa yeye alishone, bila kumchosha kwa maelezo ni la nini. Naona umesimama, mama. Naona umelishika. Naomba usilivute, hilo ni la picha tu.

(Pazia linavutwa. Nyuma yake ni ukuta.)

Ukuta huo utatobolewa awamu ya pili. Na ujira wako wa kushona pazia, mama, lete dai hapo hapo dirishani, pamoja na hati halisi. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Karani anakata alichokuwa ameandika, anatazama saa ya ukutani. Saa sita na dakika tano.)