Maksi za Vifuniko vya Pikapu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua tangu alfajiri. Shemeji, kaka wa mke wangu, kaja na pikapu yake. Ni sawa na yangu kwa kila kitu, isipokuwa sasa ina kifuniko kigumu nyuma. Cha alumini. Kinakunjwa mara tatu kuelekea kwenye kioo, kama mtu anavyokunja gazeti. Kapanda juu yake na viatu, na mwili wake wote ule, akaniuliza kama turubai la pikapu yangu linaweza kumbeba hata paka. Mke wangu kacheka. Nami nikacheka, kwa shida.

Mdogo wangu wa kike, mshonaji, alikuwepo. Ijumaa anapeleka majoho sitini ya mahafali kwenye chuo cha uuguzi. Wakiyapenda, atawashonea kila mwaka, atamwajiri msaidizi na mgongo wake utapumzika. Alikuwa anamwomba shemeji ampelekee. Nikaingilia kati: mizigo ya mdogo wangu naibeba mimi, na kifuniko nanunua kesho. Habari za kununua kifuniko nilizisikia wakati mmoja na wao.

Jumanne, 5 Machi

Nimefundisha fizikia miaka thelathini na miwili. Siwezi kununua kitu kwa kukitazama tu. Nimechora jedwali: uzito, kufuli, mpira wa kuzuia maji, urahisi wa kukunja. Maksi mia.

Duka la kwanza, alumini. Nikakifungua na kukifunga mara kumi na moja. Muuzaji akaniuliza, Mzee, unanunua au unasahihisha? Duka la pili, faiba. Ni chepesi zaidi, bawaba zake laini zaidi, ila mpira wake mwembamba. Muuzaji huyu aliniita Mwalimu bila kuambiwa.

Matokeo: alumini themanini na moja, faiba sabini na tatu.

Hapa naandika jambo ambalo nisingependa lisomwe. Nilikaa kwenye gari, nikaongeza kipengele kipya: "Kutofanana na cha shemeji." Maksi kumi na tano. Alumini ikapata sifuri. Maisha yangu yote nimewafukuza watoto kwenye chumba cha mtihani kwa makosa madogo kuliko hilo. Nikanunua faiba.

Jumatano, 6 Machi

Muuzaji alisema fundi wao angekifunga kwa saa moja. Nikamwambia kusoma maelekezo ndiyo kazi iliyonilea. Imechukua siku nzima. Reli mbili ubavuni, vibanio vinane, bolti zote zimekaa. Imebaki mipira miwili myembamba kama mirija ya kunywea soda. Kijitabu kinasema ichomekwe kwenye pembe za reli, kisha ipitishwe kwenye matundu ya sakafu ili maji yatoke chini ya gari.

Sikupenda. Maji yangechuruzika kwenye tairi nililolisafisha. Nikaichomeka kwenye pembe, kisha nikaikunja vizuri ndani, isionekane. Mke wangu akauliza: kama maji hayaingii, mipira ni ya nini? Nikamweleza kanuni ya shinikizo kwa karibu robo saa. Katikati ya maelezo alikwenda kuanua nguo.

Alhamisi, 7 Machi

Jaribio. Nimemwaga jagi moja la maji katikati ya kifuniko. Ndani pakavu. Nikaandika: amefaulu.

Shemeji kaja kukagua, ingawa hakuna aliyemwita. Kazunguka mara mbili. Kauliza mipira inatokea wapi. Nikamwambia hilo ni somo la juu kidogo. Akamgeukia mdogo wangu, akasema kwa upole kwamba kesho hana kazi. Upole wake ndio ulioniudhi. Mdogo wangu akaniuliza, Kaka, una uhakika? Nikaapa. Alitaka pia kufunga majoho kwenye mifuko ya nailoni. Nikamwambia nailoni ni kukidharau kifuniko. Akaitoa, kwa sababu mimi ni kaka yake na nilimfundisha kusoma.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua ya kumwaga, njia nzima. Chini ya kifuniko, pakavu kabisa katikati. Sikuwa nimefikiria pembe. Reli zilikusanya maji kwa ustadi, kama kijitabu kilivyoahidi, zikayapeleka kwenye mipira, na mipira ikayamwaga ndani, juu ya majoho.

Kumi na manne yameloa. Bitana nyekundu imechuja kwenye kola nyeupe. Kola zimekuwa za rangi ya waridi. Mwanamke wa stoo ya chuo aliinua joho moja kwa vidole viwili, akasema Jumapili mchana ndiyo mwisho, zaidi ya hapo watatafuta mshonaji mwingine.

Mdogo wangu hakupiga kelele. Alisema tu, "Kaka, nilishampata mtu wa kunipelekea." Nami nikamjibu kwamba faiba ya siku hizi haina ubora. Nilisema hivyo mbele ya shemeji, aliyekuja kutusaidia, akiwa ameshika ule mpira mkononi. Hakunisahihisha. Afadhali angenisahihisha.

Jumamosi, 9 Machi

Kola kumi na nne zinashonwa upya. Mdogo wangu kwenye cherehani, mke wangu anakata, shemeji anapiga pasi, na anapiga vizuri. Mimi nimepewa kufumua nyuzi za kola za zamani, kwa sharti moja: nisieleze kitu. Nimekaa kwenye kigoda saa sita. Mdogo wangu alijinyoosha mgongo mara nyingi. Kila mara nilitazama nyuzi.

Jumapili, 10 Machi

Majoho yamefika makavu, kwa pikapu ya shemeji, ndani ya nailoni. Chuo kimeyapenda. Kazi ni yake kila mwaka. Alilia kidogo, akamshukuru shemeji, akamshukuru mke wangu, akanishika bega akapita.

Nikaona ni wajibu wangu kumwomba radhi kwa maandishi. Nimeandika kurasa nne. Wa kwanza, chanzo cha mvua. Wa pili, tabia ya maji kwenye reli. Wa tatu, upungufu wa kijitabu cha maelekezo, ambacho kingeweza kutumia herufi kubwa zaidi. Wa nne, mchoro, na mishale.

Nimeisoma barua tena. Inaeleweka vizuri sana. Neno samahani halimo. Nafasi yake imechukuliwa na mchoro wa reli ya kushoto, na kuuchora upya ni kazi. Nimeituma hivyo hivyo. Nakala kwa shemeji, maana yeye ndiye aliyeonekana hajaelewa.