Kanuni ya Kukuna Kiganja

Jumatatu, 14 Julai

Frida kasema Jumapili. Kayasema hayo mgahawani kwake Ujiji, mwiko mkononi, mbele ya wateja wote: jibu la posa yangu ni Jumapili, kaka yake Bonaventura akishafika kutoka Mwamgongo. Nikauliza kwa nini isiwe leo. Akasema mimi ni mcheshi, nina kazi, pombe yangu ya kiasi, ila yeye hajui ni lini nasema kweli. Mume wake wa kwanza alikuwa na mke mwingine Kasulu na hakuwahi kumtaja. Hataki kudanganywa tena. Basi.

Mimi! Castory, mkodishaji wa viti na maturubai ya harusi na misiba ya mji mzima! (Kazi isiyo na msimu mbaya.) Ni kweli viti vyangu mia havijawahi kufika mia. Hiyo ni biashara.

Tatizo la pili: Feliksi. Fundi mwashi. Mrefu, mikono kama makoleo. Naye anamtaka Frida. Sifa yake ni moja tu, kwamba hajui kusema uongo. Watu wanaitaja kana kwamba ni shahada.

Uaminifu hujengwa kwa miaka. Mimi nina hadi Jumapili.

Jioni kaja Zénon, rafiki yangu wa Katubuka, kurudisha kiti kilichovunjika mguu. Anasema alikichukua hivyo hivyo. Mji umejaa waongo! Kwapani ana boksi: mchezo wa ubaoni, umeachwa na mpangaji mgeni aliyehama nyumba ya jirani. Mchezo wa homa isiyoonekana. Mchezaji mmoja anayo, wengine hawamjui, naye anaiambukiza kimyakimya. Zénon anasema mchezo wote unategemea uaminifu wa wachezaji.

Uaminifu! Nikaligeuza boksi mara mbili mikononi. Kisha nikamsamehe kiti.

Jumanne, 15 Julai

Kujifunza kanuni, nyumbani kwa Zénon. Karatasi ya maelezo ni ya Kifaransa. Wazazi wa Zénon walikuja kutoka Burundi na Kifaransa chao, ila inaonekana hawakumrithisha chote. Anasoma mstari kwa sauti ya padri, kisha anatazama dari kutafuta maana. Chai ikapoa. Ikapashwa. Ikapoa.

Nilichoambulia: kila mtu ana kete yake na kadi yake, na kadi anaitazama peke yake. Kadi zote ni za wazima isipokuwa moja, ya mgonjwa. Kete mbili zikikutana kijiji kimoja, wenye kete wanapeana mikono. Mgonjwa akipeana mkono lazima atoe ishara ya siri. Aliyepokea ishara keshakuwa mgonjwa: afunge mdomo, naye akawape wengine. Kete zikifika zote zahanati, kila mtu anasema hali yake. Wazima wakizidi, wameshinda.

Armelle, mke wa Zénon, alikuwa anamenya mihogo. Akauliza, na mtu akipewa ishara kisha akasema hakupewa, nani atamkamata? Zénon akageuza karatasi mbele na nyuma. Imeandikwa wachezaji wanaombwa wawe waaminifu. Wanaombwa! Nikacheka mpaka nikapaliwa.

Kisha nikaacha kucheka. Hilo pengo lina ukubwa wangu mimi. Kunahitajika msimamizi. Mtu wa kuwashika wenzake kwenye ukweli, na Frida awe anatazama. Nani humshuku msimamizi?

Vijiji vya ubaoni vina majina ya kigeni. Tumebandika plasta na kuandika Ujiji, Katubuka, Mwamgongo. Ishara haikutajwa, wakaniachia nichague. Nimechagua kukuna kiganja kwa kidole cha kati. Ni ya siri, na mtu hawezi kudai hakuisikia. Armelle kanitazama sana, akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia msimamizi ana uhakika siku zote.

Jumatano, 16 Julai

Mchezo wa kwanza, kwa Frida, wateja wa mchana walipopungua. Wachezaji: Frida, Feliksi (hakualikwa, alikuja kula), Zénon, Armelle, na Bi Catherine anayeuza dagaa pale mlangoni. Mimi msimamizi. Nilivaa shati la harusi.

Mambo hayakwenda.

Mwanzoni kabisa Feliksi kasalimiana na Zénon, akaruka kutoka kitini akatangaza, "Jamani, nimeambukizwa!" Nikamkemea. Nikamweleza kwamba kanuni inataka mtu awe mwaminifu na anyamaze. Akauliza mtu anawezaje kuwa mwaminifu huku kanyamaza. Alikuwa anauliza kweli, masikini, kakunja uso. Frida akamwongezea kipande cha samaki, mgebuka. Bure!

Tukaanza upya. Mwisho wa mchezo Zénon kafunua kadi: tena yeye ndiye mgonjwa, na anaapa kawakuna wote. Wakakana, wote isipokuwa Feliksi. Armelle akasema mume wake hajamkuna kiganja tangu wafunge ndoa, angekumbuka. Bi Catherine akasema yeye alikunwa, ndiyo, ila alidhani ni mambo mengine. Enzi zake mwanamume akitaka kumwita mwanamke pembeni bila kufungua mdomo, ndivyo alivyofanya. Tangu marehemu amwache hakuna aliyemkuna, akaona anyamaze, amtunzie Zénon heshima yake mbele ya mkewe.

Mgahawa ukavunjika mbavu. Frida kafuta machozi kwa kanga. Mimi nikagonga meza nikidai utulivu. Mwiko ukaanguka kwenye shati la harusi.

Ningebadilisha ishara. Lakini msimamizi akibadilisha kanuni siku ya kwanza, ya pili atasikilizwa na nani?

Ijumaa, 18 Julai

Jana nimewaza kutwa nzima juu ya turubai lililotoboka. Jibu limekuja lenyewe: mawese!

Uongo hauna rangi, mawese yanayo. Mgonjwa anachovya kidole kwa siri nyuma ya pazia. Akikuna kiganja, kiganja kinabaki chekundu. Aliyekunwa anachovya humo humo kiganjani mwake na kwenda kukuna wengine. Mwisho wa mchezo, mikono juu ya meza. Nani atakana? Nilijiona mtu mkubwa. Nikafikiria kupeleka ushauri kwa wenye mchezo.

Nimefika kwa Frida na kibakuli changu. Nimekuta kakaanga migebuka kwa mawese na kasema hakuna kucheza na njaa. Tukala. Kwa mkono, kama binadamu. Tukanawa. Tukacheza vizuri, kimya, kwa nidhamu. Mwisho nikasimama nikaamuru mikono juu ya meza.

Yote mekundu! Kwenye kucha, kwenye mistari ya kiganja, kote. Zénon mwekundu, Armelle mwekundu, Frida mwekundu, Bi Catherine mwekundu mpaka kwenye kifundo. Mtu umezaliwa Kigoma, umekula mawese tangu hujaota meno, halafu unasahau kwamba maji matupu hayayaondoi. Bi Catherine akanishika mkono wangu, akaugeuza, akawaonyesha watu. "Mwanangu, hata wewe uliyekuwa unachunga. Kumbe homa yenyewe inatoka kwa mwamuzi!"

Mikono safi ilikuwa miwili tu. Ya Feliksi. Alijikata kidole kazini, kala kwa kijiko.

Frida kanifungia migebuka iliyobaki niende nayo nyumbani. Sijui ni huruma au ni dalili njema. Nimeila yote nikitafakari.

Jumamosi, 19 Julai

Siku ya Bonaventura. Mtego wa mwisho.

Nimegundua kosa langu. Msimamizi anaonekana mkali, haonekani mwaminifu. Mwaminifu ni anayekiri! Kwa hiyo leo nicheze. Niwe mgonjwa, niwaambukize wote, kisha mwishoni nisimame mbele ya kaka mtu nikiri kila kitu, kijiji kwa kijiji, kiganja kwa kiganja. "Ndugu zangu, homa hii ilitoka kwangu." Asubuhi nimeyasema hayo stoo mbele ya viti vyangu. Kiti kimoja kilianguka. Nimechukulia kimeguswa.

Ili kadi ya mgonjwa iwe yangu, nikaikunja pembe kidogo. Mtu hawezi kuachia bahati nasibu jambo la ndoa.

Boti ikachelewa, tukaanza bila mgeni. Mawese nimeyaacha nyumbani, kila kitu sawa. Nikamkuna Zénon pale Katubuka, nikamkuna Feliksi pale Ujiji. Feliksi hakuruka wala kutangaza. Alikuwa kajifunza! Akaniuliza tu taratibu, je, mkono wa mtu asiyecheza nao unahesabika? Nilikuwa nafikiria hotuba yangu. Nikamjibu mkono ni mkono.

Ndipo akaingia Bonaventura. Mtu mzima, kifua kama ngoma, mfuko wa dagaa begani. Na kwetu mtu haingii akapunga mkono kama anayefukuza nzi. Akaanza kuzunguka, mmoja mmoja, mkono wa kulia ukishikwa, wa kushoto chini ya kiwiko, habari za nyumbani, za watoto, za shamba, mkono haujaachiwa. Shikamoo kwa Bi Catherine. Armelle. Mimi (nilimpa tabasamu nililoliandaa, sikumkuna, mgeni ni mgeni). Kisha Feliksi.

Nikaona uso wa Bonaventura unabadilika. Mkono hakuuachia.

"Bwana mkubwa," akamuuliza, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "unatafuta nini kiganjani mwangu?"

Feliksi akatoka jasho. Hakujibu. Angejibu nini? Kanuni inasema mgonjwa anyamaze! Alisimama pale, kofia imeshuka machoni, mwaminifu na kimya kama nilivyomfundisha. Bonaventura akamgeukia dada yake akauliza kama huyu ndiye anayetaka kumwita yeye shemeji, maana inaonekana anatafuta mchumba mwingine.

Zénon akanionyesha kidole, akasema muulizeni msimamizi. Bonaventura akaniuliza: kuna mchezo wenye kanuni ya namna hiyo?

Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo. Lakini Jumapili ilikuwa kesho, na Feliksi alikuwa anazama mwenyewe, sikumsukuma mtu. Nikasema inategemea. Nikasema karatasi ni ya Kifaransa, macho yangu siku hizi, toleo la Burundi ni tofauti, kukuna hasa hasa sikumbuki.

Frida akaanza kucheka. Bi Catherine akafuata. Armelle kashika tumbo. Bonaventura akanitazama usoni kwa makini, kama anayekagua samaki, mara na yeye akacheka, akampigapiga Feliksi bega, akamwambia kaa, ndugu yangu, nimeelewa, ni mchezo. Kaelewaje? Mimi nilikuwa nimekana! Ikabidi niseme kweli, ingawa ilikuwa imeshachelewa kunisaidia.

Feliksi akanishukuru. Machozi yalikuwa yanamlenga. Anadhani nilikuwa namtetea. Nimejisikia vibaya kidogo, si sana.

Kisha Bi Catherine akaokota kadi yangu, akauliza kwa nini hii ya mgonjwa imekunjwa sikio. Hotuba sikuitoa.

Jumapili, 20 Julai

Frida kaja stoo baada ya misa. Kavuta kiti kimoja, akakikagua miguu, akakaa.

Kasema jana jioni kamwambia Feliksi hapana. Feliksi ni mtu mzuri, Mungu ampe mke, lakini alishawahi kusimama mgahawa umejaa akasema mchuzi leo chumvi imezidi. Na ilikuwa imezidi. Mtu anaweza kuishi na ukweli, kasema, ila si asubuhi, mchana na jioni.

Nikangoja zamu yangu. Moyo ulikuwa unapiga kama mtu anayekunja turubai mvua inakuja.

Kasema yule mume wa kwanza alikuwa anadanganya kwa uso mkavu kama dagaa wa juani. Miaka yote hakuona kitu. Lakini mimi, kila ninapotaka kusema uongo, nalamba mdomo wa juu. Kama mbuzi aliyeona chumvi! Nalamba, ndipo nasema. Ujiji nzima inajua. Wateja wangu wakiniona nalamba ndipo wanapohesabu viti. Jana nimelamba mbele ya kaka yake mpaka akaona aibu kwa niaba yangu. Hakumjua Feliksi wala mchezo, ila alijua papo hapo kwamba nilichokikana ndicho cha kweli.

"Sasa mimi nikutafutie mkweli wa nini, Castory," kasema, "na wewe nakusoma bila miwani?"

Nikauliza, kwa hiyo ni ndiyo? Kasema niwatume wazee kwa utaratibu, na mbele za watu niache kuwa msimamizi wa chochote. Ni ndiyo! Nimeruka. Nimevunja kiti. Kasema ameona, na kwamba nisije nikakikodisha hicho.

Nikamwambia siwezi hata kufikiria. Kacheka tena. Sijui kwa nini.

Jumatatu, 21 Julai

Siku njema kuliko zote. Jua, upepo wa ziwani, Feliksi kanipa mkono wa pongezi, mkavu kabisa, bila kukuna.

Nimetafakari. Njama zimefanya kazi! Bila boksi lile Frida angenijuaje? Zénon anabisha, anasema nimeponea kwenye mdomo wangu. Wivu. Nimemwomba abaki anisaidie kidogo.

Maana huo mdomo ndio pengo lililobaki. Mtu anaoa, anaanza maisha, kisha mkewe anamsoma kama ubao wa matangazo? Haiwezekani. Nimetundika kioo stoo. Zénon anauliza, mimi najibu: viti vyote ni vizima, sijawahi kukunja kadi, kile kiti cha jana nimekitupa. Ulimi nimeubana kwa meno. Mara mbili za mwanzo umeponyoka. Ya tatu, hakuna kitu! Uso mkavu, safi, kama wa mtumishi wa Mungu.

Hadi siku ya ndoa Frida hataona hata dalili. Ndipo tutaishi kwa raha, bila shaka yoyote kati yetu.